Dawa ya mifupa: komprime ya kila wiki, serome (dripu) ya mwaka, sindano ya miezi sita, ao kukaa bila dawa kwanza?

Mama aliteleza mwezi wa kumi na moja, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kwenye zile ngazi za udongo tunashukia kutoka Kadutu. Wenye wanajua Bukavu wanajua vile udongo wetu mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala hakugongwa na pikipiki, aliteleza tu akaweka mukono chini, na mukono ukavunjika kwenye kifundo kama kijiti kikavu. Ako na miaka 67. Plasta ilipotoka munganga akamuandikia ordonansi na akataja neno moja nyumbani kwetu hatukuwa tumelisikia, osteoporozi, na tangu siku hiyo familia ikagawanyika. Dada yangu anasema anywe dawa leo leo, mujomba anasema hizo dawa zinaozesha taya, juu aliona video kwenye simu, na mama mwenyewe anasema yeye ni rimatizi tu inamusumbua, apewe mashanza (maziwa yaliyoganda) na sambaza (samaki wadogo wa ziwa) itapita.

Nilitembea na hiyo ordonansi wiki tatu ndani ya sakoshi. Nilisoma, niliuliza baganga wawili, nikaulizia na mama mukubwa ambaye yeye alishapewa dawa ya aina ingine. Naandika hapa vile nimeelewa, juu najua kuna wengine wamekaa na karatasi kama ile yetu na hawajui waende wapi.

Kwanza tusichanganye vitu

Hapa kwetu kila maumivu ya mutu muzima ni rimatizi. Osteoporozi si rimatizi. Rimatizi inauma goti, vidole, viungo. Osteoporozi yenyewe haiumi, mufupa unapungua ndani polepole, unabaki na matundu kama mukate, na wewe hujui kitu mpaka siku unateleza, ao unainua bido ya maji na pingili ya mgongo inabonyea. Tunaona bamama wameinama mgongo tunasema ni mizigo waliyobeba tangu ujana, na kweli mizigo wamebeba, lakini mutu akipungua urefu sentimita 4 ao zaidi kuliko vile alikuwa kijana, mara nyingi kuna pingili zilishabonyea bila yeye kujua.

Ila na hapo tusikimbilie. Kwa inchi yetu pingili ikibonyea, kifua kikuu pia kinakula mgongo, na kansa pia, kwa hiyo kama mama anapungua kilo, anatoa jasho la usiku, ao mgongo unauma hata akilala, munganga atafute hizo kwanza kabla ya kuongelea osteoporozi.

Kuna mashine inapima uzito wa mufupa, inaitwa DXA, wengine wanasema DEXA. Inatoa namba ya T: kutoka -1 kupanda juu ni sawa, kati ya -1 na -2.5 mufupa umeanza kupungua, na -2.5 kushuka chini njo osteoporozi, hivyo njo OMS, shirika la afya la dunia, ilipanga mwaka 1994. Hospitali mbili tulizouliza hazikuwa nayo. Lakini hii njo kitu kilinifurahisha kujua: mutu akishavunjika nyonga ao pingili kwa kuanguka kidogo tu, ya kutoka kimo cha kusimama, munganga anaweza kuamua ni osteoporozi bila hiyo mashine. Na kuna hesabu inaitwa FRAX, ilitoka Chuo Kikuu cha Sheffield kule Uingereza mwaka 2008, inauliza miaka, uzito, urefu, kama ulishavunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, sigara, pombe, kortizoni, na inaweza kufanywa hata bila DXA.

Hiyo kortizoni tusiipite haraka. Mutu anayekunywa prednizoni, moja ya hizo kortizoni, miezi mitatu ao zaidi, mufupa wake unashuka. Na kuna bamama na badada wetu wanakunywa vile vidonge vya kunenepesha vinauzwa sokoni kwa kuhesabu kimoja kimoja, vingine ndani ni dexamethasone, ndugu moja na hiyo kortizoni. Kabla ya kuuliza dawa ya mufupa uliza kwanza ni nini inaukula. Ila kama umezoea kortizoni muda mrefu usiikate siku moja, inaweza kukuangusha vibaya, ipunguzwe na munganga.

Vitu vya kupimia

Njia zote nne nitazipima kwa maswali yaleyale. Inasaidia kiasi gani kweli, si kwa maneno. Inakudai nini, yaani asubui yako itabadilika vipi. Ubaya wake. Inapatikanaje hapa kwetu. Na swali moja watu hawaulizagi: ukiacha katikati, nini kinatokea? Kwa mutu wa Bukavu hilo swali la mwisho mimi naliona kubwa kuliko yote, juu sisi tunajua vile mambo yanakatikaga katikati.

Kitu kingine kabla sijaanza. Ukisikia dawa inapunguza hatari nusu, uliza nusu ya ngapi. Nusu ya 2 ni 1. Nusu ya 30 ni 15. Dawa ni ileile, lakini kwa mutu ambaye hatari yake ni kidogo faida ni kidogo, na kwa mutu alishavunjika faida inakuwa kubwa.

Njia ya 1: kukaa bila dawa kwanza, lakini kufanya kazi

Nasema kufanya kazi juu kukaa bila dawa na bila kitu kingine si njia, ni kungoja.

Inasaidia kiasi gani: mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu za miguu yanapunguza kuanguka karibu robo kwa wazee, hiyo imepimwa kwa majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja mwaka 2019. Na mufupa hauvunjiki kama mutu haanguki, ukitoa pingili ambazo zinaweza kubonyea hata kwa kuinama tu. Lakini mufupa wenyewe haurudi sana. Kuhusu vitamini D, Marekani walipima watu karibu 26,000 wazima, matokeo yalitoka 2022, vidonge vya vitamini D havikupunguza kuvunjika. Kwa hiyo mutu muzima asiyepungukiwa hana haja ya kumaliza feza huko. Mutu mzee anayekaa ndani siku nzima, ao aliye na kilo kidogo sana, huyo ni habari ingine.

Inakudai nini: kila siku. Mwanamuke aliyepita miaka 50 anahitaji kalsiumu miligramu 1,200 hivi kwa siku kwa chakula chote. Glasi moja ya maziwa ni kama 300. Sisi tuko na bahati ya sambaza, juu tunaikula na mifupa yake yote, mutu anayetupa kichwa na mufupa anatupa kalsiumu. Mashanza, sombe, lengalenga, maharagi, fromaji ya Masisi kama iko. Mama alikuwa na haki kwa hilo, nilimuambia na alifurahi kama mutu aliyeshinda kesi.

Kisha mwili. Kupanda kwetu milima ni mazoezi ya miguu, sawa, lakini haitoshi. Mama anafanya hivi: anakaa kwenye kiti kigumu, anasimama bila kushika na mikono, mara kumi, kisha anasimama mguu moja akishika meza. Siku ya kwanza alifika tatu akacheka akasema mimi namufanya askari. Ubaya uko kwa kuinama na mzigo, kama pingili zilishabonyea asiinue bido kwa kukunja mgongo, akunje magoti. Na nyumba: tochi karibu na kitanda juu choo iko inje, kandambili zilizolika chini zitupwe, kapeti inayokunjamana itoke kwa mlango.

Ubaya wake: si dawa itakuumiza, ni muda. Mwaka ukipita na wewe uko kwenye hatari kubwa, unaweza kuvunjika nyonga, na nyonga si mukono. Wazee wengi wanaovunjika nyonga hawarudi kutembea vile walivyokuwa, na karibu moja kwa watano hafiki mwaka. Kalsiumu ya vidonge nayo ikizidi inaleta mawe ya figo, kula kwanza, kidonge kijaze paka penye chakula kimepunguka.

Hapa kwetu: rahisi kuliko zote. Kasiksi (pombe ya ndizi) na sigara zipunguzwe, hiyo haina bei.

Ukiacha: nguvu ya miguu inapungua tena, hakuna kingine kibaya kinarudi kwa haraka.

Inamfaa nani: mwenye namba iko kati ya -1 na -2.5, hajawahi kuvunjika, hakunywi kortizoni, hesabu ya FRAX ikitoka chini. Pia mutu ambaye bado anatafuta jibu kama ugonjwa wake ni osteoporozi kweli.

Njia ya 2: komprime ya kila wiki

Hii njo ilikuwa kwa ordonansi yetu, alendronate ya miligramu 70, kimoja kwa wiki. Dawa ni ya zamani, Marekani waliikubali 1995, sasa viwanda vingi vinaitengeneza kwa hiyo si lazima utafute lile jina la bei kali Fosamax. Familia yake ya kemikali, bisfosfoneti, watu wa viwanda walikuwa wanaitumia kuzuia chokaa isigande ndani ya mabomba ya maji, kabla mutu hajaona inaweza kushika na mufupa. Ndani ya mwili inatulia juu ya mufupa na kuzifunga mikono zile chembe zinazoukula.

Inasaidia kiasi gani: jaribio kubwa lilitoka 1996, wanawake 2,027 ambao pingili zao zilikuwa zimeshabonyea. Kwa miaka 3, waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, 15 kwa kila 100 walipata pingili ingine mpya. Waliopewa dawa, 8. Nyonga: 2.2 kwa 100 ikawa 1.1. Hizo njo namba. Kwa mutu ambaye hatari yake ni kama ya wale wanawake, mimi naona ni nyingi. Na inachukua kama mwaka moja kuanza kuona faida, kwa hiyo mzee wa miaka 92 anayeumwa sana anaweza kusema hapana na hakuna wa kumulaumu.

Inakudai nini: hapa njo penye watu wanaharibu. Asubui kabla ya kula, tumbo tupu, glasi nzima ya maji ya kawaida, si chai, si kahawa, si maziwa, kisha dakika 30 ukae wima ao usimame, usirudi kulala, usile. Kidonge kikikwama njiani kinachoma koo ya chakula. Na ukikunywa na maziwa ao chakula, karibu yote inapita bila kuingia, umetupa feza. Farmasi moja, siitaji, muuzaji alimuambia mama akunywe na chai ya maziwa ili isimuchome tumbo! Kwa roho nzuri kabisa. Wiki mbili mama alikunywa hivyo.

Sasa kwetu ni Jumamosi. Saa kumi na mbili asubui mama anakaa kwa kiti cha mbao karibu na dirisha, glasi ya maji mkononi, komprime anaimeza, glasi anaimaliza huku anakunja uso, kisha anachukua rozari. Simu hatumii. Aligundua rozari moja anaisali pole pole kama dakika ishirini, akiongeza litania ya Bikira Maria inafika nusu saa, na anapofika mwisho njo anaita "lete buyi!" Kama amesali haraka anarudia fungu moja, anasema hiyo ni ya kufidia.

Ubaya wake: kiungulia, tumbo. Mutu mwenye ugonjwa wa koo ya chakula, chakula kinakwama, ao hawezi kukaa wima nusu saa, hii si yake. Figo zikiwa zimeshuka sana, chini ya 35 kwa kile kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, nayo si yake, na mwenye sukari ao tansyo ya juu apime figo kwanza. Na sasa taya ya mujomba. Ni kweli iko, mufupa wa taya unaweza kukosa kupona, zaidi baada ya kungoa jino. Lakini kwa watu wa osteoporozi ni kati ya mutu 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 kwa mwaka. Zile video nyingi ni za wagonjwa wa kansa ambao wanapewa dozi kubwa na mara nyingi. Fanya hivi: meno mabovu yatolewe na kupona mbele ya kuanza. Ubaya mwingine ni mufupa wa paja kupata ufa wa ajabu kwa watu waliokunywa miaka mingi, ni nadra, ila ukisikia paja ao kinena kinauma bila sababu usinyamaze.

Hapa kwetu: uliza bei ya mwaka, si ya boksi. Ni komprime 52 kwa mwaka. Haitaki frigo, inakaa kwa kabati, hiyo ni faida kubwa. Nunua farmasi inayoeleweka, angalia tarehe.

Ukiacha: dawa inabaki ndani ya mufupa, haikimbii. Ukikosa mwezi juu barabara imefungwa ao feza imekosa, mufupa hauporomoki siku hiyo. Ndiyo maana baada ya miaka 5 baganga wengi wanasimamisha na kuangalia upya. Walipima 2006 wanawake walioendelea hadi miaka 10 na walioacha kwa 5: walioacha, 5.3 kwa 100 walipata pingili zilizoonekana kwa maumivu, walioendelea 2.4. Kwa hiyo aliye kwenye hatari kubwa anaendelea, mwingine anapumuzika.

Inamfaa nani: mutu mwenye nidhamu ao mwenye mutoto nyumbani wa kumukumbusha, tumbo lake halina kesi, figo nzuri.

Njia ya 3: serome ya mara moja kwa mwaka

Zoledronate, miligramu 5, inapitia mshipa kwa dakika 15 ao zaidi, mara moja kwa mwaka. Wengine wanaijua kwa jina la Aclasta. Ni familia moja na komprime. Hii njo mama mukubwa alipata Kigali, mutoto wake alimupeleka, na huko njo alipimwa DXA pia.

Inasaidia kiasi gani: jaribio la 2007, miaka 3, pingili mpya kutoka 10.9 kwa 100 hadi 3.3, nyonga kutoka 2.5 hadi 1.4. Usichukue hizi namba ukaziweka kando ya zile za komprime ukasema hii imeshinda, wanawake hawakuwa walewale. Ila jambo moja liko wazi, dawa ambayo imeingia mshipani haisahauliki kwa kabati.

Inakudai nini: siku moja kwa mwaka. Kunywa maji mengi mbele, damu ipimwe, figo na kalsiumu, na vitamini D kama iko chini ijazwe kwanza.

Ubaya wake: mara ya kwanza wengi wanapata homa. Mama mukubwa usiku wa kwanza alitetemeka, mifupa yote inamuuma, na kwa kuwa sisi ni sisi kila mutu akasema malaria. Walimupima, hakuna. Parasetamoli, siku tatu, ikaisha, na mwaka wa pili hakusikia karibu kitu. (Kupima malaria ilikuwa sawa, msiache kupima kwa kusema ni serome tu.) Figo chini ya 35, hapana. Taya na paja, maneno ni yaleyale ya juu.

Hapa kwetu: uliza hospitali mbele, mara nyingi itabidi iagizwe. Angalia chupa: ile ya kansa inakujaga ya miligramu 4, ya osteoporozi ni 5, munganga njo anaamua si muuzaji. Unalipa mara moja na inauma siku hiyo, lakini hesabu pamoja na bei ya komprime 52 na safari za farmasi kabla ya kusema ni ghali.

Ukiacha: kama komprime, inabaki kwa mufupa. Ukichelewa mwaka wa pili miezi miwili mitatu si vita. Mara nyingi baada ya miaka 3 wanaangalia upya.

Inamfaa nani: mwenye tumbo baya, mwenye kusahau, mwenye dawa zingine tayari saba kwa siku, mzee anayekaa kijijini ambaye unamushusha mjini mara moja kwa mwaka. Na yule aliyetoka kuvunjika nyonga.

Njia ya 4: sindano ya kila miezi sita

Denosumab, miligramu 60 chini ya ngozi, jina lake lingine Prolia, ilianza 2010.

Inasaidia kiasi gani: inasaidia sana. Miaka 3, pingili kutoka 7.2 kwa 100 hadi 2.3, nyonga 1.2 hadi 0.7. Na haipitii figo, kwa hiyo mutu ambaye zile mbili zimemukatalia anaweza kuipata, ingawa mwenye figo mbaya sana ao wa dializi (mashine ya kusafisha damu) kalsiumu yake inaweza kushuka ghafula kwa hatari, Marekani waliandika onyo kali mwanzo wa 2024.

Inakudai nini: sindano mbili kwa mwaka, na tarehe. Tarehe njo kila kitu.

Ubaya wake: ngozi kupata maambukizo kwa wachache, kalsiumu kushuka, taya na paja kwa nadra.

Ukiacha: hapa sitaki kupita haraka. Hii dawa haikai kwa mufupa. Ikiisha, zile chembe zilizokuwa zimefungwa zinaamka zote pamoja, na kile ulichopata kinaondoka kwa miezi, na kuna watu wanavunjika pingili mbili tatu kwa mara moja. Kwa hiyo mutu haachi hii hivihivi, lazima aingie kwenye komprime ao serome ya kushika mufupa.

Hapa kwetu: inakaa kwa frigo, kati ya digri 2 na 8. Unajua umeme wetu. Na mwezi wa kwanza na wa pili 2025 vita ilipofika Goma na kisha Bukavu, mabenki zilifunga, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, kama sindano yako ilikuwa ya mwezi wa tatu ungeitoa wapi, na kwa feza gani? Mimi sisemi dawa ni mbaya. Mutu wa Nairobi ao Bruxelles anaichukua bila kufikiri mara mbili. Lakini sisi tuulize swali la tarehe mbele ya swali la nguvu.

Inamfaa nani: mwenye figo zinakataa zile zingine, ao mwenye uhakika wa kuipata kila miezi sita bila kukosa, pengine mutoto yuko Kigali na anavuka mpaka wa Ruzizi bila shida. Na awe na mpango wa mwisho wake umeandikwa tangu siku ya kwanza.

Kuna zingine nazitaja tu. Teriparatide ni sindano ya kila siku inayojenga mufupa upya, hadi miezi 24, ni ya watu waliovunjika vibaya na bei yake ni kali. Homoni kwa mama aliyetoka kukata kuona siku na ana joto la mwili linamusumbua, zinalinda na mufupa, lakini ziko na maswali ya damu kuganda na kansa ya titi, mzungumuze na munganga wa wanawake.

Kwa hali yako

Kama umevunjika nyonga ao pingili kwa kuanguka kidogo, mimi singekaa kwenye njia ya kwanza peke yake. Swali lako si kama utachukua dawa, ni ipi, na kama tumbo na figo ni sawa chagua kati ya komprime na serome kwa tabia yako: unakumbuka ao hukumbuki?

Kama ni mukono kama wa mama, na miaka imepita 65, piga FRAX, tafuta DXA kama unaweza, na ukikosa DXA usikae mwaka unaingoja.

Kama hujavunjika kitu, uko na miaka 54 na mashine ilisema -1.6, usiogope karatasi. Kula, fanya mazoezi, pima tena baada ya miaka kadhaa. Kukunywa dawa miaka mitano kwa hatari kidogo ni kuchokesha tumbo.

Kama unakunywa kortizoni kwa ugonjwa kweli, ao dawa za VIH (virusi vya ukimwi) zenye tenofovir, usiache dawa yako. Uliza munganga mufupa unalindwa vipi, wa kortizoni mara nyingi wanahitaji ulinzi mapema kuliko wengine.

Kama ni baba, usicheke. Wanaume wanavunjika pia, na wakivunjika nyonga wanakufa zaidi ya wanawake.

Kama uko karibu kungoa jino, jino kwanza.

Na kama figo hujapima, usinunue kitu chochote wiki hii, nenda labo.

Mama alichagua komprime. Tumefika mwezi wa saba, Jumamosi moja tu alikosa, tulikuwa kilio Bagira. Mama mukubwa anasema mama anajitesa bure na rozari zake wakati serome ni siku moja, mama anamujibu kwamba homa yake ya Kigali yeye haiwezi, na kila wakikutana wanaanza upya. Mujomba bado haamini hiyo dawa. Lakini yeye njo alileta mbao na misumari, akatengeneza kishikio kwenye zile ngazi, kutoka juu hadi penye mama aliteleza.